Jiwe Lisilo na Mahali

Ikifika Aprili, trekta zikishapita na mvua mbili tatu zikishauosha udongo, katika mashamba ya Ohio, Marekani, huonekana watu wanaotembea polepole, mikono nyuma, macho chini. Hawapandi, hawapalilii. Wanatafuta mawe yaliyochongwa: ncha za mikuki na mishale walizoziacha wawindaji waliopita katika mabonde yale tangu miaka 13,000 hivi iliyopita. Mtafutaji akimaliza msimu mmoja tu huwa ameshajua jambo ambalo picha za vitabuni hazikumwambia. Karibu kila anachookota kimevunjika. Ataokota kitako kisicho na ncha, ncha isiyo na kitako, bega lililobanduka, au kipande cha katikati ambacho hakijulikani kilianzia wapi na kiliishia wapi.

Wengi huvirusha vipande hivyo pembeni na kuendelea kutafuta kilicho kizima. Nilipohamia huku nikiwa mtu mzima, nilijifunza kazi hii kwa mzee aliyekataa kabisa desturi hiyo, na tangu hapo nimeishi na vilivyovunjika. Ninaandika habari za vipande hivyo kwa sababu vinaeleza mengi kuliko vizima. Ninaandika pia kwa sababu kuna kuvunjika kwa namna nyingine, kusikoonekana kwenye jiwe lenyewe, na huko ndiko kunakonihuzunisha.

Jiwe halivunjiki bila sababu, na sababu huacha alama. Ncha iliyorushwa ikagonga mfupa hubanduka kibanzi chembamba kuanzia juu kabisa na kushuka usoni mwake, kana kwamba mtu amelimenya jiwe kwa kisu. Iliyokwama mwilini mwa mnyama kisha ikapindishwa kwa purukushani hukatika kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Iliyovunjika mikononi mwa fundi, kabla haijawahi kuona windo, hujulikana kwa kingo zake ambazo bado hazijanyooshwa na kwa unene uliosalia pale ambapo pigo la mwisho lilikwenda kombo. Jiwe lililoungua huwa na vishimo vya duara na nyufa nyembamba zilizotanda uso mzima. Na lililokatwa na plau lina jeraha bichi: rangi ya ndani haijafifia pamoja na uso, na mara nyingi kuna mistari ya kutu pale chuma kilipolikwaruza.

Hilo la plau ndilo huniuma kulitazama. Kitu kilichotulia udongoni tangu barafu kuu za kaskazini zilipokuwa zikiyeyuka, kilichopitiwa juu na misitu na mafuriko na vizazi vya watu visivyo na hesabu, kimekatika vipande viwili kwa sababu ya shamba la mahindi, wakati babu yangu alipokuwa hai. Mkulima hakujua, na hana kosa. Lakini mkato ule mbichi huonyesha jinsi hasara ilivyo karibu nasi kuliko tunavyodhani.

Baada ya kujua kilichokivunja, ndipo mtu anatafuta jina lake, na jina liko kitakoni. Ncha hufanana mno: zote ni kali, zote ni nyembamba, na fundi wa miaka 10,000 iliyopita na yule wa miaka 1,000 iliyopita wote walitaka kutoboa ngozi. Kitako ndicho kilichofungwa kwenye mti, na kila jamii ilikuwa na namna yake ya kufunga. Wale wa mwanzo, wanaoitwa Clovis kwa jina la mji mmoja wa New Mexico, walitoa mfuo mpana kutoka kitakoni kuelekea juu, pande zote mbili, ili mti wa mkuki ukae vizuri. Waliofuata walikata mapengo kwenye pembe. Kuna waliopasua kitako katikati kikawa na miguu miwili mifupi. Watu wa Adena, waliojenga vilima vya kuzikia wafu wao katika bonde la mto Ohio zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, walichonga kikonyo kinene chenye mviringo chini. Na wakulima wa mahindi wa miaka elfu ya mwisho walirudi kwenye pembetatu ndogo isiyo na pengo lolote.

Zaidi ya umbo, kuna mguso. Pitisha kucha ya kidole gumba kwenye kingo za chini za kitako cha zamani sana: hakikati. Fundi alizisugua kwa makusudi ili zisije zikakata kano zilizofungia jiwe kwenye mti. Kuna mawe ambayo macho yangu yaliyakosea jina lakini kidole hakikukosea. Kisha kuna rangi. Gumegume la Flint Ridge, kilima ambacho watu wa kale walikichimba mashimo yanayoonekana mpaka leo, huja na nyekundu, manjano, buluu na weupe wa maziwa katika jiwe moja. Lile liitwalo Upper Mercer ni jeusi lenye ubuluu. Kipande cha ukubwa wa ukucha chaweza kutuambia mwenyewe alitembea kutoka wapi, au aliyempa alitoka wapi.

Niseme pia, kwa kuwa watu wengi hawaambiwi, kwamba sehemu kubwa ya mawe haya haikuwa ya mishale. Upinde uliingia mashariki mwa Marekani yapata miaka 1,500 tu iliyopita. Kabla ya hapo, kwa maelfu ya miaka, watu walirusha mikuki myepesi kwa kijiti maalumu chenye ndoana nyuma, kilichourefusha mkono na kuupa mrusho nguvu. Ndiyo sababu mawe mengi ni makubwa mno kwa mshale.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo lilibadilisha namna ninavyofikiri juu ya kupoteza.

Mti wa mkuki ulikuwa na thamani kuliko jiwe lake. Jiwe fundi hodari alilichonga kwa muda mfupi. Mti uliotafutwa msituni, ukanyooshwa motoni, ukasuguliwa na kufungwa manyoya, ulikuwa kazi ya siku kadhaa. Kwa hiyo mkuki ulipovunjika, mwindaji aliuokota mti na kurudi nao kambini, kitako cha jiwe kikiwa bado kimefungwa ndani yake kwa kano na ulimbo. Jioni, karibu na moto, alikifungua, akakitupa chini, akafunga jiwe jipya. Ncha ilibaki kule, ndani ya mnyama aliyekimbia nayo au kwenye nyasi alikoangukia. Ndiyo maana wanaakiolojia wakikuta vitako vingi mahali pamoja hujua kwamba hapo watu waliketi na kupika, na wakikuta ncha nyingi hujua kwamba hapo kulichinjwa. Nusu mbili za jiwe moja ziliachana siku hiyo, moja ikaenda kwenye moto na watoto, nyingine ikabaki porini, na nyingi hazijakutana tena hadi leo.

Sina neno jingine la kuita hali hiyo ila msiba. Lakini ni msiba wenye mpangilio. Kila nusu ilianguka mahali palipokuwa na maana, na ikabaki hapo. Mtu akija baada ya miaka 8,000 akaziona pale pale, anaweza kusema: hapa palikuwa na nyumba, pale palikuwa na windo. Kwa hiyo kuvunjika hakukuondoa habari. Kuliigawa mara mbili tu.

Na mara nyingine ncha ilibaki ndani ya binadamu. Mwaka 1996 vijana wawili waliona fuvu katika maji ya mto Columbia, mjini Kennewick, jimbo la Washington. Mtu yule aliishi yapata miaka 8,500 iliyopita, na katika mfupa wa nyonga yake kulikuwa na kipande cha ncha ya mkuki. Mfupa ulikuwa umekua ukalizunguka jiwe. Alichomwa akiwa kijana, akapona, akatembea nalo miaka mingi, akafa nalo. Kule kwetu Afrika Mashariki, magharibi mwa Ziwa Turkana, mahali paitwapo Nataruk, watafiti walieleza mwaka 2016 habari za mabaki ya watu 27 wa miaka 10,000 hivi iliyopita, na katika fuvu la mmoja wao palikuwa na kiwembe kidogo cha obsidiani. Yeye hakupona. Jiwe dogo namna hiyo likiokotwa peke yake juu ya mchanga, hata mtaalamu angelipita. Kujua liliingia wapi ndiko kunakotufanya tuinamishe kichwa mbele yake.

Kuna jambo jingine ambalo vipande huonyesha na vizima haviwezi. Watu wale hawakuharakisha kutupa. Kitako kilichopoteza ncha kilichongwa upya kwa mbele, kikapewa ukingo butu wenye mviringo, kikawa kifaa cha kukwangulia ngozi. Ncha iliyopungua ilinolewa ikiwa bado kwenye mti wake, ikanolewa tena, hata bapa likawa dogo kuliko kitako na jiwe likapoteza umbo lote isipokuwa pale lilipofungwa. Ukilipata jiwe la namna hiyo utadhani ni kazi ya fundi dhaifu. Sivyo. Ni jiwe lililotumika hadi likaisha, mikononi mwa mtu aliyelijua.

Kwa hiyo nina neno kwa wale wanaozijaza nafasi zilizovunjika kwa gundi ya rezini na unga wa jiwe, wakapaka rangi, wakauza kitu kilichovunjika kama kizima. Biashara hiyo ipo na ina fedha nyingi, kwa sababu mnunuzi hulipa kwa ukamilifu. Taa ya miali ya urujuanimno huifichua haraka, kwa kuwa rezini hung'aa tofauti na jiwe. Mimi naona huko ni kumnyang'anya marehemu kitu cha mwisho alichosema. Alama ya mfupa alioupiga ilikuwa pale, na mtu ameifunika ili rafu ya sebuleni ipendeze.

Mzee aliyenifundisha alikuwa jirani yangu, si mbali na Flint Ridge. Alifanya kazi kiwandani hadi alipostaafu, na tangu ujana wake alitembea mashamba ya watu waliomruhusu. Hakuwahi kununua jiwe wala kuuza. Alikuwa na makopo ya kahawa, masanduku ya mayai, droo za kabati la fundi cherehani, zote zimejaa vipande. Akikitoa kimoja alikuambia bila kufikiri: hiki ni cha kona ya chini, karibu na mkuyu, mwaka ule mto ulipofurika. Hiki nilikipata siku moja na kile, hatua kumi kati yao. Alikuwa na ramani nzima kichwani, shamba kwa shamba, tuta kwa tuta.

Alipofariki, binti yake aliniomba nisaidie kuvipanga vipande hivyo. Kule kwetu marehemu hukaliwa matanga, watu wanalala chini, wanakula pamoja, vitu vyake vinaguswa taratibu na hadithi zake zinasimuliwa kila kimoja kinapoinuliwa. Huku mazishi yaliisha kwa alasiri moja, na wiki ile ile nyumba ikaanza kutolewa vitu. Tulikaa wawili sakafuni na yale makopo, na hayo ndiyo yakawa matanga yake.

Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho hakuwahi kunieleza. Baadhi ya vipande vilikuwa na namba ndogo sana, zimeandikwa kwa wino mweusi na kufunikwa na rangi ya kucha isiyo na rangi ili zisifutike. Mwandiko haukuwa wake. Kulikuwa na daftari, na daftari nalo lilikuwa la mwandiko ule ule: namba, tarehe, jina la shamba, mahali, hatua ngapi kutoka uzioni. Binti yake akaliangalia, akasema, huyu ni mama. Mkewe ndiye aliyekuwa akiandika. Mzee alirudi jioni na mfuko, wakaketi mezani, yeye akataja na mama akaandika. Daftari linakoma mwaka aliofariki mama. Mzee aliendelea kutembea mashamba kwa miaka mingi baadaye, na hakuandika kitu.

Kwa hiyo mawe yamegawanyika mara mbili. Yale ya wakati wa mama yana mahali. Yale ya baada ya mama hayana.

Nimeyashika yote. Hayo ya pili nimeyapa majina moja baada ya jingine: hiki ni cha kitako chenye miguu miwili, cha miaka zaidi ya 8,000, hiki ni cha Adena, kimevunjika kwa kugonga, hiki ni nusu ya pembetatu, kimekatwa na plau. Kila jina nilipolitaja binti alifurahi kidogo kisha akauliza: kilitoka wapi? Sikuwa na jibu, wala hakuna mtu mwingine duniani mwenye jibu. Waswahili walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, nao walikuwa wakiwaza habari za duka, lakini sijaona mahali msemo huo ulipouma kama sakafuni pale. Mzee alikuwa na habari zote. Zilikuwa salama, kamili, hadi usiku mmoja wa Januari moyo wake uliposimama.

Huko ndiko kuvunjika kwa pili nilikokutaja. Jiwe likiwa limetengana na mahali pake halina ufa wowote unaoonekana, na bado limepoteza zaidi ya lile lililokatika vipande vitatu vikabaki shambani. Umbo lake litatuambia ni la nani na la lini. Halitatuambia kama hapo palikuwa na nyumba au windo, ni nani wengine walikuwepo, waliketi siku moja au vizazi kumi. Mambo hayo hayamo ndani ya jiwe. Yamo katika umbali kati ya jiwe na jiwe.

Sayansi yenyewe iliwahi kulijifunza somo hili kwa taabu. Mwezi Agosti 1908 mafuriko yaliupiga mji mdogo wa Folsom, New Mexico, yakaua watu. Baadaye msimamizi wa shamba moja la ng'ombe, George McJunkin, akiwa anakagua nyua zilizobomolewa, aliona korongo limechimbika sana na mifupa mikubwa imetokeza chini kabisa ya ukingo. McJunkin alikuwa Mmarekani mweusi aliyezaliwa mtumwa Texas mwaka 1851. Alijifunza kusoma akiwa mkubwa, akapenda nyota, mawe na mifupa, na akakusanya vitu hivyo maisha yake yote. Alitambua kwamba mifupa ile si ya ng'ombe, wala si ya nyati wa siku zake, kwani ilikuwa mikubwa mno na imelala chini mno. Akawaambia watu. Miaka ikapita, na hakuna mtaalamu hata mmoja aliyefika. McJunkin alifariki Januari 1922. Mwishoni mwa mwaka ule ule, mhunzi Carl Schwachheim na mwenzake Fred Howarth wa mji wa Raton walikwenda kwenye korongo hilo.

Makumbusho ya Denver yalianza kuchimba mwaka 1926. Zikatokea ncha za mawe, lakini zilikuwa zimeshabanduliwa na wachimbaji kutoka pale zilipolala, na wakubwa wa elimu wa wakati huo, waliokuwa wakishikilia kwamba binadamu ni mgeni wa karibuni katika bara la Amerika, hawakukubali. Jiwe lililokwisha kung'olewa lingeweza kuwa limeingia kwa njia yoyote. Mwaka 1927 ncha moja ilionekana katikati ya mbavu za nyati wa kale, na safari hii amri ilikuwa moja: asiguse mtu. Zikapelekwa simu za maandishi. Wataalamu wakaja kutoka mbali, wakapiga magoti, wakaona kwa macho yao jiwe na ubavu katika udongo mmoja. Bishano la miongo mingi likaisha kwa sababu jiwe liliachwa mahali pake. Bonge lile la udongo, na ncha ndani yake, lilikatwa zima na kupelekwa Denver.

Kila nikisoma habari za Folsom namfikiria McJunkin, kwa miaka kumi na mitatu hivi akiwa na habari kubwa kuliko zote za elimu hiyo, hana wa kumpa. Yeye hakupoteza mahali. Alipajua vizuri kuliko yeyote. Kilichokosekana ni sikio. Nchi ilikuwa na vyuo na makumbusho na wataalamu, na mtu aliyekuwa mtumwa alipozungumza juu ya mifupa iliyoko korongoni, hakuna aliyepanda treni. Jina lake lilirudishwa katika historia ya Folsom kwa kuchelewa sana, wakati yeye alishalala kaburini.

Kukosekana kwa sikio kunanipeleka kwenye jambo ambalo watafutaji wengi wa Ohio hawapendi kulizungumza, na mzee wangu alilizungumza. Waliochonga mawe haya wana wajukuu. Kwa vizazi kadhaa Washawnee, Wamiami, Wadelaware na Wawyandot waliishi katika mabonde haya, hadi serikali ilipowaondoa, kabila baada ya kabila. Wawyandot ndio walikuwa wa mwisho, walipoondoka Upper Sandusky mwaka 1843. Leo hakuna kabila hata moja la wenyeji asilia linalotambuliwa na serikali kuu lenye makao yake Ohio. Wazao wao wako Oklahoma na kwingineko, kilomita zaidi ya elfu moja kutoka kwenye mashamba tunamotembea tukiokota vitu vya babu zao. Jiwe limetenganishwa na mahali pake, na kabla ya hapo watu walikuwa wameshatenganishwa na mahali pao. Hasara ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza, na nadhani ndiyo iliyoturahisishia ya kwanza. Hakuna mwenye shamba aliyewahi kugongewa mlango na mzee wa Kiwyandot akaulizwa: hicho mkononi ni cha nani?

Mambo machache yamerudi. Septemba 2019 kanisa la Methodisti liliwarudishia Wawyandot kanisa la zamani la misheni na makaburi yake pale Upper Sandusky. Yule mtu wa Kennewick, ambaye makabila ya mto Columbia yalimwita Mzee wa Kale na kumdai kwa miaka 20, alizikwa nao Februari 2017 baada ya vipimo vya vinasaba kuonyesha kwamba ni ndugu yao, kama walivyokuwa wakisema tangu mwanzo.

Vipande vya mzee vyenye namba, pamoja na daftari la mkewe, vilipokelewa na chuo kimoja, na wanafunzi wamekwisha kuvihusisha na mashamba vilikotoka. Vile vya baadaye havikupokelewa. Binti yake anavihifadhi nyumbani kwake, katika masanduku yale yale ya mayai. Sikumlaumu aliyevikataa. Nilivirudisha sandukuni kimoja kimoja.

Msomaji wa Afrika Mashariki asidhani kwamba mambo haya ni ya Marekani tu. Louis Leakey alipokuwa mtoto pale Kabete, miaka ya vita kuu ya kwanza, alisoma kitabu cha watoto kuhusu watu wa kale wa Uingereza na gumegume lao, akatoka kwenda kulitafuta. Alichookota njiani na kwenye makorongo kilikuwa obsidiani. Nyumbani kwao waliviita chupa zilizovunjika, mpaka Arthur Loveridge wa makumbusho ya Nairobi alipothibitisha kwamba baadhi ni vifaa vya kale kweli. Ardhi ya Naivasha, ya Kondoa, ya Turkana na ya Iringa imejaa vitu vya namna hiyo hadi leo, vingi vikiwa vidogo sana, kwa sababu wawindaji wetu wa baadaye walifunga kwenye mishale yao vipande vyembamba kuliko ukucha. Barabara mpya zinavifukua kila mwaka, na magari yanavisaga.

Tofauti yetu na Ohio ni sheria. Huko, mwenye shamba akikuruhusu, unaokota na kubaki nacho, ilhali katika ardhi ya serikali kuu ni marufuku. Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na Kenya ina Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006. Kwa hiyo ukiliona jiwe lililochongwa, liache lilipo. Lipige picha lilivyolala, andika kijiji, korongo, mti au nyumba iliyo karibu, kisha peleka habari kwa makumbusho au ofisi ya mambo ya kale. Kufanya hivyo hakuhitaji shahada, na McJunkin hakuwa nayo.

Na kama nyumbani kwenu yupo mzee mwenye kopo, iwe la mawe, la funguo, la picha zisizo na majina nyuma au la hati za mashamba yaliyokwisha kuuzwa, usingoje msiba uwakusanye. Nenda kwake juma hili ukiwa na daftari na kalamu isiyofutika. Keti karibu naye, mpe kipande kimoja kimoja mkononi, mwulize kilitoka wapi, uandike kama anavyosema, hata anapochanganya miaka. Anza na vilivyovunjika.